Mwenzi Mwaminifu Hutoa Kilicho Chake

Jumapili baada ya Misa Takatifu, katika viwanja vya parokia na vya shule zetu, vijana huvua mavazi ya kanisani na kuingia mchezoni. Wazazi husimama kando ya mstari, watoto hupiga kelele, na jioni nzima nyumbani huzungumzwa nani alicheza vema na nani aliharibu. Wako wanaodhani kwamba gazeti la Kanisa halina neno la kusema juu ya mambo hayo. Sisi twaona sivyo. Uwanjani ndipo kijana ajifunzapo, pengine kwa mara ya kwanza, kuwa mwaminifu kwa watu ambao si wa tumbo moja naye. Na hapo hapo aweza kujifunza uaminifu wa uongo, ambao akiisha kukua ataupeleka ofisini, sokoni na barazani.

Basi leo twataka kuuliza swali moja: mchezaji ana deni gani kwa wenzake? Yampasa kuwapa nini, na ni kitu gani asichoruhusiwa kuwapa hata wakimwomba kwa machozi?

Tuanze na jambo lililotendeka kweli, ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki wangali wanalikumbuka. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, ilikimbiwa fainali ya mbio za mita 1,500 za Michezo ya Olimpiki. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa miongoni mwa washindani, naye alikuwa mgonjwa. Nyongo ilikuwa ikimsumbua. Siku chache nyuma, katika mbio za mita 10,000, maumivu yalimwangusha kabla hajamaliza. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya mbio hizo, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka mitatu hakuna aliyemshinda katika mbio za namna hiyo. Nguvu ya Ryun ilikuwa mwishoni: mbio zikienda polepole, mita mia chache za mwisho zilikuwa zake.

Katika fainali hiyo alikuwamo Mkenya mwingine, kijana aitwaye Ben Jipcho. Bastola ilipolia, Jipcho alitoka mbele kwa kasi kubwa, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Mji wa Mexico uko juu sana, kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo kukimbia hivyo tangu mwanzo ni kujimaliza mwenyewe. Jipcho alijua. Alivuta mbio hizo ili Ryun aachwe nyuma mno, asipate nafasi ya kutumia mwisho wake. Kisha Keino akashika uongozi, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Ryun alifika karibu sekunde tatu nyuma yake. Jipcho, ambaye nguvu zilikuwa zimekwisha, alimaliza wa kumi. Mtu wa kumi hapewi medali.

Ndugu wasomaji, tuangalie vema kitu alichokitoa kijana yule. Alitoa pumzi yake, miguu yake, na nafasi yake mwenyewe ya kupata heshima mbele ya dunia. Vyote hivyo vilikuwa vyake. Hakumsukuma Ryun, hakumkwatua, hakumfungia njia, wala hakuvunja sheria ya mchezo. Hakulipa deni la mwenzake kwa mali ya mtu mwingine.

Tena husimuliwa kwamba baadaye Jipcho alimwomba radhi Ryun kwa ajili ya siku ile. Wengine watashangaa: kama hakukosa, aombe radhi ya nini? Lakini twaona katika neno hilo dalili ya moyo mwema. Alijua kwamba mtu wa upande wa pili naye alikuwa mtu, aliyejitaabisha miaka mingi na kuumia. Uaminifu kwa mwenzake haukumfanya kipofu kwa mpinzani wake.

Miaka minne baadaye, mwaka 1972 huko Munich, wawili hao walikimbia pamoja mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Keino akapata dhahabu, na Jipcho fedha. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Jipcho alipata dhahabu mbili zilizo zake mwenyewe. Hatusemi haya ili mtu adhani kwamba kila anayejitoa kwa mwenzake hulipwa medali. Wako wengi waliowavutia wenzao mbio, wakazeeka bila kutajwa katika kitabu chochote. Mungu awajua.

Kutokana na habari hii twapata kipimo ambacho kijana aweza kukitumia kila siku: mwenzi mwaminifu hutoa kilicho chake. Asiye mwaminifu, hata akijiita rafiki, hutoa kilicho cha mwingine.

Kipimo hicho hatukukitunga sisi. Kimo katika Maandiko Matakatifu. Tusome Kitabu cha Kwanza cha Samweli, tuone urafiki wa Yonatani na Daudi. Yonatani alikuwa mwana wa mfalme Sauli, na ufalme ulikuwa njiani kumfikia. Naye alivua joho lake mwenyewe akampa Daudi, pamoja na mavazi yake, upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Sauli alipotaka kumwua Daudi, Yonatani alisimama mbele ya baba yake akamwambia kweli, kwamba Daudi hana hatia. Na siku nyingine mkuki wa baba yake ulielekezwa kwake mwenyewe. Hata hivyo Yonatani hakula njama ya kumwua baba yake ili rafiki yake atawale upesi. Uhai wa Sauli haukuwa mali yake hata autoe. Alimpa Daudi vazi, silaha, haki yake ya kiti na usalama wake. Kisha akaenda vitani pamoja na baba yake, akafa naye juu ya mlima wa Gilboa. Alikuwa mwaminifu pande zote mbili, kwa sababu hakulipa upande mmoja kwa kuuibia wa pili.

Sasa tugeuze kurasa, tusome Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11. Humo twamkuta askari mmoja mwaminifu, Uria Mhiti. Mfalme alimwita kutoka vitani, akamtuma nyumbani kwake apumzike. Uria akakataa. Aliona si haki yeye ale, anywe na kulala kwa mkewe, hali wenzake wamepiga kambi mbugani. Akalala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Huyo ndiye mwenzi wa kweli: hata wenzake wasipomwona, hataki raha wasiyo nayo.

Lakini humo humo twamkuta na jemadari Yoabu. Daudi alikuwa amemkosea Uria katika ndoa yake, naye akataka kuificha dhambi. Akaandika barua kwamba Uria awekwe mbele, mahali pa mapigano makali, kisha wenziwe warudi nyuma wamwache. Yoabu alimtumikia bwana wake: akamweka Uria mahali pa hatari, palipokuwa na mashujaa wa adui, na Uria akafa. Bila shaka Yoabu alijiona mtu wa kutegemewa, mtu asiyemwangusha mkuu wake. Je, huo ulikuwa uaminifu? La hasha! Alimlipia Daudi kwa damu ya Uria. Aliyekuwa mwaminifu kwa Daudi ni nabii Natani, aliyeingia kwa mfalme akamwambia uso kwa uso kwamba ametenda ubaya. Natani hakutoa uhai wa mtu mwingine. Alihatarisha wake mwenyewe.

Wazazi na walimu, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika viwanja vya nchi zetu akina Yoabu ni wengi, na mara nyingi hupigiwa makofi. Tutaje mambo matatu yajulikanayo na kila mtu.

La kwanza ni hila ya umri na ya majina. Katika mashindano ya shule huingizwa vijeba, yaani watu wazima waliopunguziwa miaka, na mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule ile. Vijana wenyewe wajua, nahodha ajua, mara nyingine hata mwalimu ajua. Wote hunyamaza, na kimya hicho hukiita umoja wa timu. Lakini ni nani anayekilipia? Ni mtoto wa shule ya jirani, mwenye miaka kumi na mitano, aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akaondolewa mashindanoni na mtu mwenye ndevu. Ni mvulana wa shule ile ile aliyekaa kando ili kijeba acheze mahali pake. Nao wachezaji wasio na hatia huadhibiwa pamoja na mwenye hatia. Kabla ya fainali za Afrika zilizofanyika Gambia mwaka 2005, timu ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17 ilikuwa imeshinda na kupata nafasi. Kisha ikaondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao. Tangu mwaka 2009 kombe la dunia la vijana wa umri huo limetumia vipimo vya mifupa ya kifundo cha mkono. Lakini ni aibu kwamba mfupa uitwe kutoa ushahidi ambao ulimi wa Mkristo umekataa kuutoa.

La pili ni dawa za kuongeza nguvu. Kenya, nchi ya Keino na Jipcho, ililazimika kutunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2016, baada ya wakimbiaji wake wengi kufungiwa. Mkimbiaji hakai peke yake. Hulala kambini, hula na wenzake, hutoka nao alfajiri. Anapoanza kutumia dawa, mara nyingi yuko mwenzake mmoja ajuaye. Huyo hujisemea: si kazi yangu, mimi si msaliti. Lakini kimya chake hakitoi kilicho chake. Chatoa tuzo ya yule aliyekimbia kwa haki akafika wa pili, na chatoa hata afya ya huyo rafiki mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

La tatu ni ukatili. Kijana hutumwa amvunje mchezaji hodari wa upande wa pili, au hulipiza kisasi kwa sababu mwenzake ameumizwa. Husema, nimemtetea ndugu yangu. Hakumtetea. Mguu wa mpinzani ni wa mpinzani, aliupewa na Mungu, na labda ndio utakaolisha mama yake.

Katika katekisimu tulifundishwa kwamba mtu aweza kushiriki dhambi ya mwingine kwa njia nyingi: kwa kumwamuru, kwa kumshauri, kwa kumsifu, kwa kumficha, kwa kunyamaza wakati ilipompasa kusema. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba dhambi hiyo hufutika mkiwa mmevaa jezi za rangi moja.

Basi kijana afanye nini akijua kosa la mwenzake? Je, akimbilie gazetini? Asimame hadharani amwaibishe? Hapana. Bwana wetu Yesu Kristu ametuwekea utaratibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Kwanza mwendee ndugu yako peke yako, wewe na yeye tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asiposikia hao, ndipo lifikishwe kwa Kanisa. Uwanjani tufuate njia hiyo hiyo: kwanza faraghani, tena kwa upole, kisha pamoja na rafiki mmoja mwenye busara, na mwisho kwa mwalimu au kiongozi mwenye amri. Tukiruka hatua ya kwanza tumekuwa wachongezi. Tukikataa hatua ya mwisho tumekuwa washiriki.

Twakiri kwamba njia hiyo ni ngumu. Anayemwonya rafiki yake huweza kumpoteza. Huweza kutengwa mezani, kunyimwa pasi, kuitwa msaliti. Lakini tazameni: huyo naye ametoa kilicho chake. Ameutoa urafiki wenyewe, ambao ulikuwa hazina yake, kwa ajili ya roho ya mwenzake. Jipcho alitoa nafasi ya medali. Huyu ametoa zaidi.

Lakini tujihadhari tusichanganye dhambi na udhaifu. Si kila anayetuangusha ametukosea kwa makusudi. Golikipa huteleza. Mpigaji penalti hupiga juu. Kijana wa kwanza kuchoka hurudi nyumbani kabla ya mwisho. Tumtendee nini huyo?

Mitume wenyewe walilijua jambo hilo. Kijana Yohane, aitwaye pia Marko, alisafiri pamoja na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza. Walipofika Perga wa Pamfilia, akawaacha, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipokaribia, Barnaba alitaka kumchukua tena; Paulo akakataa kumchukua mtu aliyewaacha kazini. Matendo ya Mitume, sura ya 15, yasema wazi kwamba ugomvi ulikuwa mkali hata wakatengana: Barnaba akaenda na Marko Kipro, naye Paulo akaenda na Sila katika Siria na Kilikia. Roho Mtakatifu hakuona haya kutuandikia kwamba watakatifu wawili walishindana kwa ajili ya mwenzi mmoja aliyeshindwa.

Mwisho wake ukawaje? Paulo alipokuwa kifungoni, katika barua yake ya pili kwa Timoteo, aliagiza aletewe Marko, kwa kuwa amfaa kwa utumishi. Mtu yule yule aliyekataliwa! Naye ndiye ambaye Kanisa tangu zamani limemheshimu kuwa mwandishi wa Injili ya Marko. Barnaba alimpa kijana huyo muda na uvumilivu wake, akahatarisha hata urafiki wake na Mtume mkuu. Paulo naye, wakati ulipofika, alitoa kilicho kigumu zaidi kwa mtu mwenye msimamo: alibadili neno lake. Kama Barnaba asingesimama na kijana aliyeshindwa, ni nani ajuaye tungekosa nini?

Kwa hiyo twawaambia ninyi vijana: baada ya kushindwa, yule aliyekosa asirudi nyumbani peke yake. Tembeeni naye. Msimwache asome maneno ya kumdhihaki katika simu yake usiku akiwa peke yake chumbani. Na ninyi msiyaandike. Mkimlaumu mbele za watu ili ninyi mwonekane hamna hatia, mmejilipia usalama wenu kwa jina lake jema. Hilo nalo ni la Yoabu.

Nanyi mnaokaa benchi, hamkusahauliwa. Kumshangilia aliyechukua nafasi yako ni sadaka kubwa, hasa pale ambapo wewe wadhani wastahili zaidi. Mtume Paulo awaandikia Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, na kiungo kimoja kikitukuzwa, vyote hufurahi pamoja nacho. Kuumia pamoja ni rahisi kuliko kufurahi pamoja. Ijaribuni furaha hiyo Jumapili ijayo, mtaona uzito wake.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mtoto arudipo kutoka mchezoni, swali letu la kwanza ni, mmeshinda? La pili ni, umefunga? Tuongeze la tatu: leo umemsaidia nani? Mtoto hujifunza kuthamini yale ambayo baba na mama huyauliza. Na tukisikia kwamba timu ya mtoto wetu imeshinda kwa hila, tusicheke na kusema kwamba mpira ndivyo ulivyo. Leo tukisifu cheti cha kuzaliwa kilichogeuzwa, kesho tusishangae mwana wetu akigeuza hesabu za kazini ili kumlinda mkubwa wake, akauita wizi huo uaminifu.

Mwisho, tumtazame Yeye aliye mfano wetu. Usiku ule wa Alhamisi Kuu, Bwana wetu alikuwa na wenzake kumi na wawili mezani. Mmoja alikwisha kumwuza. Mwingine, aliye mkubwa wao, angemkana mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Watatu aliowachagua wakeshe naye bustanini walilala. Hata hivyo aliwaita rafiki. Aliinama akawaosha miguu, pamoja na miguu ya Yuda. Hakuuficha uovu, kwa maana alisema wazi kwamba mmoja wao atamsaliti, na alimwonya Petro uso kwa uso. Lakini alipokuja kulipa, hakulipa kwa kitu cha mtu mwingine. Alitwaa mkate, akawapa mwili wake. Alitwaa kikombe, akawapa damu yake.

Kila Jumapili vijana wetu hupokea Mwili huo, kisha huenda uwanjani. Twawaombea waende na nguvu zake: wampe mwenzao pumzi zao, nafasi zao, sifa zao na msamaha wao, na wakiombwa kutoa kweli, haki, au mguu wa jirani, wajibu kwa heshima kwamba hivyo si vyao.